Mama yake Tobias

Jumamosi ile gari moshi la kutoka Mwanza lilifika Tabora likiwa limechelewa saa tatu, na stesheni nzima ilikuwa imenuna. Wapagazi wamenuna, wauza karanga wamenuna, na mama mmoja wa Nzega mwenye kuku sita ndani ya tenga alikuwa akimfokea karani wa tiketi kana kwamba karani ndiye aliyekuwa akiliendesha. Jua lilikuwa la Oktoba, na Oktoba ya Tabora haimwonei mtu huruma.

Veneranda binti Wenceslaus alikuwa amekuja na mwenzake Apolinaria kupokea sanduku la vitabu vya chuo. Wote wawili walivaa sare: gauni la samawati, ukosi mweupe uliopigwa pasi ya mkaa, raba nyeupe zilizosuguliwa chaki. Chuo chao cha masista kilikuwa nje kidogo ya mji, na ndani yake mlikuwa na darasa moja la ajabu: wasichana sita waliomaliza ualimu, wakabakizwa miaka miwili zaidi wasome Maandiko, sakramenti na sheria za Kanisa. Padri Huberti, Mholanzi aliyewafundisha, alisema teolojia ni ya waseminari. Ya wasichana inaitwa elimu ya dini. Veneranda aliandika TEOLOJIA kwa herufi kubwa juu ya daftari lake, kisha akalifunika kwa karatasi ya kaki ili kuepusha maneno.

Abiria walipoanza kushuka, kijana mmoja mrefu mwenye sare ya kaki ya reli alikanyaga ngazi, akapepesuka, akaanguka kifudifudi miguuni pa Apolinaria.

"Mama yangu! Anakufa huyu!"

Walimgeuza. Mwili ulikuwa unawaka, macho yamepinduka, midomo imepasuka.

"Ni Ngollo, karani wa stesheni ya Bukene," mpagazi mmoja alisema. "Homa ya papasi hiyo. Wiki iliyopita imemmaliza mwenzake."

"Ana dini?" Veneranda aliuliza.

Mpagazi alicheka. "Dada, hirizi hiyo mkononi huioni?"

Kweli, juu ya kiwiko cha kushoto palikuwa na hirizi ya ngozi, mpya, imefungwa kwa uzi mweusi. Na wiki ile ile Padri Huberti alikuwa amewafundisha ubatizo wa hatari: mtu yeyote, hata mwanamke, anaweza kumbatiza anayekufa, kinachotakiwa ni maji, maneno na nia. Veneranda alikuwa na nia hata ya kugawia wengine. Aliichukua kata ya muuza maji bila kuomba ruhusa.

"Kaka, unanisikia? Unataka kubatizwa?"

Kijana alifungua macho. Akaona uso wa mviringo, ukosi mweupe, jasho puani. Akaitikia kwa kichwa.

"Tobias," alisema Veneranda, maana Tobias wa kwenye Maandiko alikuwa msafiri na Mungu alimfikisha salama, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Maji yalimwagika usoni, yakaingia masikioni, yakalowesha kola ya sare ya reli. Kijana akatabasamu, akazimia. Na kwa kuwa Mungu naye hupenda kuwashangaza wasomi wa dini, hakufa.

*

Kule chuoni ilikuwa ni vigelegele. Sista Klotilda, mkuu wa chuo, alimfanya Veneranda aandike insha juu ya kisa hicho, ikasomwa mbele ya wageni siku ya sikukuu ya chuo, akapewa rozari ya shanga za buluu. Padri Huberti aliandika katika kitabu cha ubatizo cha parokia: Tobias Ngollo, amebatizwa katika hatari ya kufa, aliyembatiza, Veneranda. Alipopona, yule Tobias alitakiwa ahudhurie mafundisho kila alipopata zamu ya mapumziko. Na nani wa kumfundisha, kama si mwanachuo aliyemwokoa? Ilihesabiwa kuwa mazoezi ya ualimu.

Alikuwa mwanafunzi mzito, lakini mzito wa kupendeza. Alikuja na shati jeupe na suruali yenye mkunjo unaoweza kukata nyanya, akakaa kwenye benchi la nyuma la kanisa, akauliza maswali yasiyoisha. Baba Yetu ilimchukua wiki sita.

"Utupe leo mkate wetu wa kila siku," Veneranda alitangulia.

"Utupe leo mkate wetu wa kila siku."

"Utusamehe makosa yetu."

"Utusamehe makosa yetu..." Hapo alikwama. Kila wiki alikwama papo hapo, akakuna kichwa. "Mwalimu, hapa pananishinda. Nisogezee kitabu nione."

Veneranda alisogeza kitabu, na kitabu hakisogei peke yake. Aligundua kuwa kijana ananukia sabuni ya Sunlight na makaa ya mawe. Siku moja alifika mwisho, lakini badala ya kunyamaza kwenye amina aliendelea chini kwa chini: "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu..."

"Hayo sisi Wakatoliki hatuyasali hapo. Umeyatoa wapi?"

"Stesheni. Kuna wafanyakazi Wamoravian, kila jioni wanasali kwa sauti."

"Uyaache huko huko stesheni."

"Nimeyaacha, mwalimu. Usinikasirikie, ukikasirika pua yako inatoa jasho."

Baada ya Pasaka ilianza simu. Simu ya chuo ilikuwa ofisini kwa Sista Klotilda, ukutani, yenye mkono wa kuzungusha, na kila Jumatano saa kumi Shaban wa stesheni ya Tabora, rafiki wa Tobias na mtu asiyeogopa dhambi ndogo, aliunganisha Bukene na chuo.

"Sista, hapa ni stesheni. Tunamtaka mwanachuo Veneranda kuhusu sanduku."

Sista alimwita, akabaki palepale akisahihisha madaftari.

"Hapa Veneranda. Sanduku limefika?"

"Limefika, mpenzi wangu. Limekaa hapa linalia."

"Limepata maji?"

"Limepata. Linasema siku kumi bila kukuona ni nyingi. Umevaa nini leo?"

"Sare. Kama kawaida yake, limefungwa vizuri, halijafunguliwa."

"Ha! Nani amekuuliza hilo?"

"Nasema tu, ili wa stesheni wajue. Andikeni juu yake: libebwe kwa uangalifu."

Sista Klotilda alinyanyua macho. "Veneranda, msichana mmoja ana masanduku mangapi?"

"Ni hilo hilo moja, Sista. Halichoki kuja."

Kufikia katikati ya mwaka Shaban alikwenda Ntalikwa, kwao Veneranda, kama mshenga. Mzee Wenceslaus, katekista wa miaka thelathini, alimkagua kijana kuanzia viatu hadi Salamu Maria, akaridhika. Aliuliza jambo moja tu: mbona hatuoni upande wa mama? Tobias alijibu kuwa mama yake, Nyamizi, anaishi Usoke, miguu inamsumbua, atakuja siku ya harusi. Veneranda aliona jibu lile lilikuwa fupi mno kwa mtu mwenye maneno mengi, lakini mapenzi yana namna ya kumfunga mtu masikio. Ikakubaliwa: masomo yakiisha Novemba, ndoa Desemba.

*

Jumapili ya kwanza ya matangazo, jina lake lilisomwa kanisani baada ya mahubiri: "Tobias Ngollo wa Bukene anataka kufunga ndoa na Veneranda binti Wenceslaus wa Ntalikwa. Mwenye kujua kizuizi, ni wajibu wake kusema." Apolinaria alimfinya Veneranda paja hadi akataka kupiga kelele. Wanawake waligeuka na kuangalia gauni lake la maua ya njano, na yeye akaangalia madhabahu kama mtu asiyehusika.

Jumatatu asubuhi aliitwa ofisini parokiani. Padri Huberti alikuwa na kitabu cha ubatizo wazi mbele yake, na kidole juu ya mstari.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele, amina. Keti, binti yangu. Nimefungua kitabu ninakili vyeti vyenu. Nimesikitika sana. Soma hapa."

Alisoma. Lilikuwa jina lake.

"Ndiyo, Padri. Nilimbatiza mimi."

"Basi hamwezi kuoana. Anayebatiza na anayebatizwa wanaingia katika undugu wa kiroho. Wewe ni mzazi wake. Sheria ya Kanisa inasema ndoa ya namna hiyo si ndoa."

Veneranda alidhani anataniwa. Alimtazama padri, akaona hataniwi.

"Mzazi wake? Padri, Tobias ana miaka ishirini na sita. Mimi ishirini na mbili."

"Kiroho, hana mama mwingine."

"Na hili mbona hukutufundisha? Ulitufundisha maji, maneno na nia. Hukusema kuwa kata ile ya maji itanizuia kuolewa!"

"Sheria za ndoa ni somo la muhula wa mwisho."

Damu ilimpanda Veneranda hadi masikioni. Mtu anafundishwa kuokoa roho mwezi wa kumi, halafu anaambiwa ada yake mwaka mmoja baadaye, tena na mwalimu yule yule, kwa sauti ile ile ya upole! Alishika ukingo wa kiti.

"Hakuna ruhusa inayoweza kuombwa?"

Padri Huberti hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomponza. Alivua miwani, akaifuta.

"Askofu anaweza kukiondoa kizuizi hiki. Lakini barua ya kuomba naiandika mimi, na lazima nitoe sababu. Mimi sioni sababu. Naona kinyume chake. Sista Klotilda na mimi tumekuwa tukisali kwa ajili yako tangu insha ile. Akili kama yako isipotelee jikoni huko Bukene. Kanisa linahitaji masista Waafrika wenye elimu. Labda Mungu ameufunga mlango huu kwa mkono wako mwenyewe."

"Mlango ameufunga Mungu, Padri, au umeufunga wewe?"

"Nenda ukasali, Veneranda."

Alikwenda, lakini hakusali. Alitembea barabara nzima hadi chuoni akiongea peke yake, raba zikitimua vumbi jekundu, na waendesha baiskeli wakimpisha. Habari ilikuwa imemtangulia. Bwenini wasichana walikuwa wamejaa vitandani, na mmoja, asiyejua mzaha unaishia wapi, aliuliza:

"Mama Tobias, mwanao amekula?"

Veneranda alimrushia kiatu. Kilimpata.

*

Jumatano simu ililia. Sista Klotilda, aliyejua kila kitu, alimpa chombo cha simu.

"Veneranda, nimesikia," sauti ya Tobias ilikuwa ndogo. "Shaban ameniambia. Usilie."

"Nani analia? Nina hasira, silii. Nimeitwa mama yako! Nitamwandikia askofu mwenyewe, nitamwandikia Papa!"

Waya uliunguruma maili zote zile hadi Bukene.

"Usiandike kwanza," alisema mwishowe. "Kuna jambo. Siwezi kulisema kwenye waya. Jumamosi nakuja, tukutane sokoni, kwa wauza asali."

Soko la Jumamosi lilikuwa limefurika. Wanyamwezi kutoka maporini walikuwa wameshusha vilindo vya magome vyenye asali, nyuki wakizunguka juu ya kila kimoja, na Waarabu wa mjini wakionja kwa vidole na kulalamika bei. Tobias alikuwa amesimama kando, kofia ya reli mkononi. Hakuwa amenyoa.

"Sema," alisema Veneranda. "Nimemdanganya Sista kuwa nanunua uzi."

"Mpenzi wangu, ule ubatizo... mimi nilikuwa nimekwisha kubatizwa."

"Nini?"

"Na Wamoravian, Usoke, nikiwa na miezi minne. Naitwa Silasi. Mama yangu ni mzee wa kanisa kule, anaimba kwaya. Kwa hiyo unaona? Wewe si mama yangu! Maji yako hayakuwa kitu. Tunaweza kuoana!"

Alisema hivyo uso ukiwa umeng'aa, akinyoosha mikono, akitegemea kurukiwa shingoni. Masikini, wanaume wana akili zao.

Veneranda alirudi nyuma hatua moja.

"Ulikuwa na hirizi."

"Bibi alinifunga kwa ajili ya homa. Mama angejua angenipeleka mbele ya wazee wa kanisa, wanitenge. Nilipozinduka hospitali Padri ananiita Tobias, wewe umekaa pale na uji, unanitazama kama zawadi ya Krismasi. Ningesemaje? Niseme nimebatizwa, mbona basi nina hirizi? Na ungeondoka. Siku ile hata ungeniita Sultani ningeitika."

"Wiki sita," alisema Veneranda polepole. "Wiki sita nilikufundisha Baba Yetu."

Tobias alitazama chini.

"Uliijua."

"Niliijua."

"Ulikuwa ukikwama makusudi. Nami nakwenda kulala namwomba Mungu akufungulie akili! Nilifunga Ijumaa mbili kwa ajili yako, mbili, ili 'makosa yetu' yasikushinde! Insha yangu ilisomwa mbele ya watu mia tatu. Baba yangu amewaambia Ntalikwa nzima kuwa bintiye ameokoa roho. Kumbe nimeosha uso wa mtu kwenye stesheni!"

"Veneranda, nilikupenda."

"Ukanivisha kilemba cha ukoka. Yule padri amenifungia mlango, lakini amenifungia usoni, namwona. Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi unanicheka."

"Sikukucheka hata siku moja."

"Njia ya mwongo ni fupi, bwana Silasi. Yako imeishia hapa kwenye asali. Rudi Bukene."

Aliondoka bila kununua uzi. Nyuma yake muuza asali mmoja alimwambia kijana, "Onja kidogo, mdogo wangu, upoze moyo."

*

Sasa ilikuwa hivi: Veneranda alikuwa hamtaki tena yule mwongo, au ndivyo alivyojiambia kila alipoamka na mto umelowa. Lakini kutomtaka mtu ni jambo moja, na kuandikwa mama yake ni jingine. Hakukubali kitabu cha parokia kibaki na uongo, na wala hakukubali padri amchagulie maisha kwa kukataa kuandika barua. Akimwacha Silasi, amwache mwenyewe, kwa mkono wake.

Siku ya Jumanne darasani lilifika somo la vizuizi vya ndoa. Padri Huberti alisoma haraka kuliko kawaida, bila kutazama benchi la mbele. Alipofika undugu wa kiroho, Veneranda alinyoosha mkono.

"Padri, naomba kuuliza. Mtoto aliyebatizwa na Wamoravian, kwa maji na kwa jina la Utatu, amebatizwa?"

"Kama maji na maneno vilikuwa sawa, amebatizwa kweli."

"Akija mtu, kwa kutojua, akambatiza tena?"

"Sakramenti ya ubatizo hairudiwi. Ule wa pili si ubatizo. Ni maji tu."

"Na undugu wa kiroho kati yake na yule wa pili?"

"Hakuna undugu. Kisichokuwapo hakizai."

"Basi Padri, nakuomba uniandikie jibu hilo kwenye daftari, na uweke sahihi."

Chaki ilisimama hewani. Apolinaria alianza kukohoa kohozi lisilokuwepo.

"Unamzungumzia nani, Veneranda?"

"Mwanangu, Padri."

Darasa lilipasuka. Padri Huberti alikuwa mwekundu hadi shingoni, lakini kama nilivyosema, hakuwa mwongo. Alishuka jukwaani, akasoma maneno ambayo msichana alikuwa amekwisha kuyaandika kwa mwandiko mzuri, akaona pia lile neno TEOLOJIA lililojitokeza pale karatasi ya kaki ilipochanika. Aliweka sahihi.

"Lakini maneno hayatoshi," alisema. "Niletewe cheti cha ubatizo huo wa kwanza."

Jioni ile Veneranda aliingia ofisini kwa Sista Klotilda bila kuitwa. "Sista, naomba kupiga simu stesheni." Sista alisogeza kiti chake pembeni. Veneranda aliuzungusha mkono wa simu kama mtu anayeteka maji kisimani.

"Shaban, niunganishe na Bukene... Hapa ni chuo. Kuna sanduku limeandikwa jina la uongo. Leta cheti chako cha Usoke kwa Padri Huberti. Jumamosi."

"Veneranda! Umenisa..."

"Sijakusamehe. Usidhani. Nataka kitabu kisahihishwe, basi."

Alikata simu. Sista Klotilda aliendelea kusahihisha madaftari, lakini alikuwa ameshika kalamu kichwa chini.

*

Jumamosi, gari moshi la kutoka Kigoma lilifika kwa wakati, ajabu yenyewe. Silasi alishuka wa kwanza, akamshika mkono mwanamke mrefu mwenye gauni jeupe refu hadi vifundoni, kitambaa cheupe kichwani, na Biblia iliyofungwa kwenye khanga. Miguu ya Mama Nyamizi haikuwa inamsumbua hata kidogo. Alitembea moja kwa moja hadi kwa msichana mwenye gauni la samawati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyembatiza mwanangu?"

"Ni mimi, mama."

"Nimekaa mwaka mzima natuma barua, najibiwa 'kazi nyingi, mama, kazi nyingi'. Kumbe amekuwa Mroma! Nilimbeba tumboni miezi tisa, nikambeba mgongoni hadi kanisani, nikalia machozi ya furaha mbele ya mchungaji. Wewe ulibeba nini? Kata ya maji!"

"Kweli, mama," alisema Veneranda, naye ana hasira zake. "Na mimi nataka maji yangu yarudi. Mwanao hakusema. Nilimuuliza, akaitikia kwa kichwa. Na ile hirizi mkononi ilinifanya nimdhanie mpagani."

Mama Nyamizi aligeuka polepole kumtazama mwanawe.

"Hirizi?"

"Mama, ni bibi, ilikuwa homa..."

"Hirizi, Silasi?"

Akamchapa begani kwa ile Biblia, mara mbili, mbele ya wapagazi. Kisha akamgeukia Veneranda kwa macho mengine kabisa. "Mwanangu, amekudanganya na wewe pia?"

"Wiki sita, mama. Alijifanya hajui Baba Yetu."

"Huyu? Aliyeisema mbele ya kanisa zima akiwa na miaka mitano?" Mama alipumua kwa nguvu. "Twende kwa huyo padri wako. Mimi na wewe mbele. Yeye abebe mizigo."

Ofisini parokiani cheti kilitolewa katikati ya Zaburi, kimekunjwa mara nne, kimepata rangi ya chai. Padri Huberti alikisoma mara mbili, akauliza juu ya maji na maneno, na Mama Nyamizi akamjibu kila neno kama anayehojiwa na mdogo wake. Padri alichovya kalamu. Pembeni ya mstari ule katika kitabu aliandika kuwa ubatizo ule ulikuwa batili kwa kuwa mhusika alikwisha kubatizwa, wala hapakutokea undugu wowote. Alikausha wino.

"Binti yangu," alisema bila kunyanyua macho, "nilikuwa na wajibu wa kukuandikia barua ile kwa askofu hata kama cheti hiki kisingekuwapo. Nilikosa." Kisha akakohoa. "Tutampokea rasmi katika Kanisa, na matangazo yaanze upya."

Silasi alivuta pumzi kubwa, akamwangalia Veneranda. Mama Nyamizi naye alimwangalia.

"Subiri, Padri," alisema Veneranda. "Kizuizi chako kimeondoka. Changu bado."

Alivuta kiti, akakiweka katikati ya chumba, akamwonyesha Silasi asimame nyuma ya kiti hicho kama mtoto wa shule.

"Baba Yetu. Yote. Hapa mbele ya mama yako na padri."

Silasi alivua kofia. Hakutabasamu, na hilo lilimsaidia. Alianza kwa sauti ya wazi, na Veneranda alisikia kwa mara ya kwanza jinsi maneno yale yalivyokuwa yamemkaa kifuani tangu utoto. Alipita jina lako litukuzwe, akapita mkate wa kila siku.

"Utusamehe makosa yetu..."

Akakwama.

Veneranda alikunja uso. Sasa hata hapa? Lakini machozi yalikuwa yanamtoka bila kujificha, hadi kwenye kola ya sare ya reli, pale pale maji yale yalipomwagikia. Hakukuwa na mchezo. Mtu mzima alikuwa ameshindwa kweli na maneno matano aliyoyajua tangu ana miaka mitano.

"Endelea," alisema Veneranda.

"Siwezi. Yanayofuata si yangu kuyasema. Ni yako."

Nje kengele ya saa sita ilianza kulia. Veneranda alifikiria Ijumaa mbili alizofunga bure, insha, rozari, watu mia tatu, na ule uji wa hospitali. Hasira yake ilikuwa bado ipo, nzima, na alijua itakuwapo hata Desemba na miaka mingine baada yake. Atakuwa akimkumbusha kila wanapokula chakula cha jioni. Akakisogeza kiti pembeni.

"Kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," alisema. "Silasi."

Lilikuwa jina lake la kwanza, na hakuwa amewahi kulisikia kwa upole kutoka kinywani mwa Veneranda. Wawili wakaendelea pamoja hadi utuopoe maovuni. Mama Nyamizi, aliyekuwa amefumba macho, hakuishia hapo. Aliendelea peke yake kwa sauti yake ya kwaya, kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele. Na Padri Huberti, aliyekwisha kufungua mdomo aseme amina, aliufunga, akamsubiri amalize.